Nyumba Moja, Familia Moja

Kiwanja chetu cha Katesh kilikuwa na masharti, na mlinzi wa masharti hayo alikuwa mume wangu. Barua ya kumilikishwa ilisema: makazi, ujazo mdogo, yaani nyumba chache zenye nafasi, nyumba moja ya kuishi, familia moja. Duka hapana, vyumba vya kupangisha hapana, ng'ombe hapana. Aliiandika yeye kwa mkono wake kwenye ofisi ya ardhi, mkubwa wake akaitia sahihi, kisha akaja nayo nyumbani akanipa niisome, kana kwamba mimi ni mwananchi yeyote aliyepanga foleni mlangoni kwake.

Ilikuwa miaka ile mkoa umegawanywa, sisi tuliokuwa watu wa Arusha tukaamka tu ni watu wa Manyara. Biashara zilikuwa zimefunguliwa tangu zamani kidogo, na sasa kila aliyeuza ngano yake vizuri alitaka kiwanja mjini. Kabla ya hapo watu walijenga Katesh walivyojisikia: duka mbele, familia nyuma, mbuzi katikati. Ndipo yakaja mawe ya mipaka. Mtaa wetu upande wa mlimani ukapimwa, barabara zikanyooshwa, na mume wangu akawa anatembea humo jioni, mikono nyuma, anatazama nafasi kati ya nyumba na nyumba kama mkulima anayetazama mahindi yaliyoota vizuri. Watu wote walimwita Bwana Ardhi. Na mimi nilimwita hivyohivyo, hasa nikiwa nimekasirika.

Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Nina hasira za karibu, sikatai, watoto niliowafundisha wanajua. Siku ile ya barua nilimwuliza, familia maana yake nani? Akasema ni baba, mama na watoto wao. Nikamwuliza, na bibi yao je? Akasema masharti hayamkatazi bibi, yanakataza nyumba ya pili. Nikaliacha lipite. Wakati huo mama yangu alikuwa na nguvu zake, ana tembe lake huko juu ya Dongobesh, na swali lenyewe nililiuliza kwa ubishi tu.

Katika tembe hilo ndimo nilimozaliwa. Paa lilikuwa moja, la udongo, na chini yake tulilala sisi, ndama, kondoo na babu. Kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na wazazi. Nyumba inakuwa yake na wazee wanakuwa wake, wengine wote mnaondoka na roho safi kwa sababu mnajua yupo. Sasa wa kwetu alikwenda Mererani kuchimba madini, akaaga kwamba atakaa mwaka mmoja. Barua zilikuja mbili tatu, kisha zikakoma. Baba alipofariki, mama akabaki na ng'ombe wawili na moshi wake.

Mume wangu alitoka Mara, alikuja kwetu akiwa kijana, kapangiwa kazi. Kwao mkwe ni mtu mzito kabisa. Mama wa mke wako humtazami usoni, huli mbele yake, na kulala naye chini ya paa moja ni jambo ambalo hata kulisema watu wanaona haya. Siku ya harusi yetu alimsalimia mama akiwa anatazama viatu vyake mwenyewe. Mama, aliyekuwa amejitanda shuka mpaka kwenye nyusi, alimwitikia akitazama upande wa madhabahu. Sisi Wambulu tunaheshimu wakwe, ila hatufiki huko. Lakini mama aliipenda heshima ile. Alirudi Dongobesh akawaambia majirani zake kwamba mkwewe kalelewa.

Miaka ikapita hivyo, mpaka siku dereva wa gari la Haydom aliponiletea kikaratasi kutoka kwa mwalimu mwenzangu wa kule. Kilisema mama ameanguka kwenye njia ya kisimani, amekaa pale tangu asubuhi mpaka wachungaji wa kondoo walipompata mchana. Jumamosi nikaenda. Nilimkuta anapika kwa kupapasa. Macho yalikuwa yameingia ukungu, na kwenye mkono wa kulia alikuwa na kidonda kibichi cha moto ambacho alikifunika na shuka nisikione. Nilikiona. Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi, kisha nikarudi ndani nikasonga ugali.

Toka siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu duniani: mama yangu asife peke yake. Niwe karibu, nisikie akikohoa.

Nilipomweleza mume wangu hakusita hata kidogo. Alisema aje, tena upesi. Halafu sote wawili tukafika kwenye swali la pili pamoja: atalala wapi? Chini ya paa letu haiwezekani, kwa sababu ya kwao. Kwenye nyumba nyingine uani haiwezekani, kwa sababu ya ofisini kwake. Mume wangu akawaza, akasema labda tumpangie chumba kizuri karibu na soko, nami niwe nakwenda kumwangalia. Jamani. Mwanamke haoni, hamjui mtu, alale chumba cha pili kutoka kilabuni? Nilimwambia maneno ambayo leo siyaandiki.

Nikamwambia kwamba masharti ni yake, basi ayalegeze. Akanikumbusha jirani yetu. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa ngano, kiwanja cha tatu kutoka kwetu, na tulisali naye kanisa moja. Alikuwa amejenga vyumba viwili nyuma ya nyumba yake kwa ajili ya wadogo zake waliokuja kusoma sekondari. Mume wangu alimpa notisi ya siku kumi na nne, na yule mtu akavivunja, na wale wadogo zake wakaenda kukaa kwa watu. Tangu hapo Jumapili alikuwa anatupita mlangoni mwa kanisa kana kwamba sisi ni nguzo. Mume wangu aliniuliza nitamweleza nini mtu yule. Swali hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Mwezi uliofuata alitumwa Yaeda Chini kwenye kazi ya mipaka ya vijiji. Kule gari likiingia hulisikii tena mpaka litoke, na simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika. Siku ya tatu baada ya kuondoka kwake nilifungua sanduku la karatasi zetu nikatoa ramani ya nyumba, yenye muhuri. Mwanamke mwingine yeyote wa Katesh angejenga kibanda chake na kungoja balaa. Mimi nilikuwa mke wa bwana ardhi, kwa hiyo nilikosea kitaalamu. Ramani yetu ilikuwa na jiko la nje na stoo, vimepitishwa, ila hatukuwa tumevijenga bado. Nikamwita fundi nikampa ramani. Nikamwambia asiongeze hata inchi, ila sakafu aipige saruji laini, dirisha alikuze kidogo, na bomba la moshi aliache kabisa.

Wiki tatu jiko likasimama. Nikaingiza kitanda, chandarua na blanketi mbili. Nikaenda Dongobesh, ng'ombe nikamwachia mwalimu mwenzangu, nikamshika mama mkono mpaka kwenye gari. Hakuuliza maswali. Aliipapasa ile saruji kwa nyayo zake, akasema ni baridi lakini ni safi.

Mume wangu alirudi siku mbili baadaye, nywele zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Alilizunguka jiko mara moja, akaweka kiganja ukutani. Akafungua mlango. Wakati huo mama alikuwa upande wa pili, anaota jua.

"Mwalimu," akaniita. "Jiko lina kitanda?"

Nikamjibu kwamba mpishi naye anachoka. Kabla hajasema neno, mama akasikia sauti ya kiume akauliza kwa Kiswahili chake cha milimani kama ni mkwewe amefika. Mume wangu aliruka nyuma ya kona ya jiko kama mtu aliyekanyaga siafu. Akiwa huko, haonekani, akamwamkia shikamoo. Mama akaitika marahaba mwanangu, pole na safari ya Yaeda, joto la huko bado liko vilevile? Akasema lipo, mama. Wakaongea hivyo, ukuta katikati, mpaka nikawaletea chai, kila mmoja upande wake.

Habari ya jiko hakuigusa tena. Lakini jioni zile aliacha kutembea mtaani. Alikuwa anatoka ofisini anaingia ndani moja kwa moja, na akipita kwenye nyumba ya yule jirani alikuwa anatazama chini. Niliona. Nilijisemea kwamba itapita.

Nitasema kweli, miezi ile ilikuwa mizuri kuliko yote niliyowahi kuishi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini mume wangu alisimama kwenye kona ile, akatoa shikamoo yake, na mama aliyekuwa amekaa kwenye kigoda upande wa jua alimjibu. Walianza na mvua. Kisha mama akataka kujua watu wanapimaje ardhi. Akaelezwa habari za mnyororo na vigingi, akacheka, akasema baba yake alipanda miti ya minyaa mpakani tu na hakuna aliyebisha. Mume wangu akasema minyaa nayo ni kigingi, mama, tena haing'oki. Mama alimpenda kwa neno lile. Mahindi aliyochoma alikuwa akiwapa watoto wayapeleke upande wa pili wa kona, yakiwa bado ya moto. Mtu anayemfahamu mume wangu ofisini hawezi kuamini kwamba alichelewa kazini kwa ajili ya stori za kondoo.

Kisha jirani akaja. Ilikuwa mchana wa Jumapili. Alivua kofia, akakataa kiti, akasimama pale barazani ana kitu usoni ambacho si hasira.

"Bwana Ardhi, sijaja kugombana," alisema. "Nimekuja kuuliza, nijue. Wadogo zangu walilala kwenye vyumba nikavivunja. Mama yenu analala kwenye jiko. Sheria ni ileile au kuna nyingine?"

Mimi nilifungua mdomo nimpe maneno yake, ramani ninayo, muhuri ninao. Mume wangu akaniwahi. Alimwambia, "Una haki. Ni ileile." Akamsindikiza mpaka getini, na alipeana naye mkono.

Jumatatu alirudi na karatasi. Alikuwa amejiandikia notisi mwenyewe. Juu kulikuwa na jina lake kama mwenye kiwanja, chini jina lake na sahihi yake kama afisa, katikati siku kumi na nne za kuondoa jengo lililotumika kinyume na masharti. Akaninyooshea kitabu cha kupokelea barua nisaini kwamba nimepokea. Nilimtazama nikidhani amechanganyikiwa. Nilikataa kusaini, na nikamwambia akitaka akasaini kwenye paji la uso wake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba wanaokataa huwa anawabandikia ukutani. Akachukua nyundo.

Mama alisikia misumari. Aliniuliza kinagongwa nini kwenye nyumba yake. Ningeweza kumdanganya, hajui kusoma na haoni. Nilishindwa. Nilimsomea neno kwa neno, nikamtafsiria kwa Kiiraqw, lugha yetu, mpaka kwenye siku kumi na nne. Mama akaanza kucheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo miezi yote hii nimelala jikoni?"

Nikasema ndiyo, mama. Akafuta machozi ya kicheko. Akaniuliza kama yule mtu wa ngano alivunja vya kwake. Nikasema alivunja. Akasema basi na sisi tuvunje, na yeye arudi kwake, ng'ombe watakuwa wamemsahau. Akaanza kupapasa nguo zake, moja moja, anazikunja. Nilimnyang'anya zile nguo nikazirudisha. Kesho yake nikazikuta zimekunjwa tena.

Siku kumi na nne hizo nilipigana. Nilimwambia mume wangu achague moja, aivunje mila yake au aichane notisi yake, zote mbili ni karatasi za kichwani mwake tu. Alinijibu siku moja, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu. Kulala na mama yangu chini ya paa moja, alisema, ni kumvunjia heshima yeye, mama, si kujivunjia yeye mwenyewe. Na kuichana notisi maana yake ni kwamba jirani alionewa, na wale watoto walifukuzwa bure. Nikamwuliza, na mimi je? Akamaliza kufunga viatu akaenda kazini. Nilimchukia kabisa, kwa sababu nilijua kila alichosema ni sawa na hakuna hata kimoja kilichonisaidia.

Basi na mimi nikaandika barua yangu. Niliomba uhamisho kwenda shule yoyote tarafa ya Dongobesh, sababu za kifamilia. Niliiacha mezani alale nayo. Asubuhi niliikuta imesogezwa pembeni, imewekewa kikombe juu isipeperuke. Nikaitia kwenye mkoba wangu.

Jumamosi ya mwisho alivaa nguo kuukuu akapanda juu ya jiko na kuanza kung'oa misumari, bati moja moja, taratibu, yasijikunje. Yule jirani alitokea getini. Nilidhani amekuja kushangilia. Alivua koti akalitundika kwenye mti wa uzio, akaja chini ya ngazi akaanza kupokea mabati. Walifanya kazi hivyo, huyu juu huyu chini, bila maneno. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na geti, furushi lake la nguo mapajani, uso kaelekeza barabarani kama vile anaiona. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na begi langu, watoto wameshika sketi yangu, tunangoja gari. Kila bati likishuka mama alikuwa anatikisa kichwa kidogo, anahesabu.

Bati la mwisho liliposhuka mume wangu aliteremka, akanawa mikono kwenye karai. Akaingia nyumba kubwa. Alikaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa na mfuko wa suruali na mashati yake, na kichwani godoro dogo la wageni, limekunjwa, limefungwa kwa mkanda wake wa kazini. Alikuja mpaka kwenye nguzo ya geti akasimama upande wa nje, ambako mama asingeweza kumwona hata kama angekuwa na macho.

"Mama," akasema, "nyumba ina chumba. Ingia. Mimi nimepata chumba sokoni."

Mama alishika furushi lake kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mtu hatoki nyumbani kwake kwa ajili ya kikongwe."

"Sijatoka, mama. Asubuhi nitakuja kunywa chai."

Akaondoka. Bwana ardhi wa wilaya nzima, godoro kichwani, akashika ile barabara aliyoinyoosha mwenyewe, mchana kweupe, majirani wamesimama kwenye mageti yao. Yule jirani alivaa koti lake akaenda zake bila kuniaga, na niliona anajifuta macho kwa mkono wa koti. Mimi nilibaki na begi mkononi. Mama akaniambia kwa Kiiraqw nimwingize ndani, jua limekuwa kali. Nikamwingiza. Ile barua ya uhamisho nikawashia moto wa chai.

Hakwenda kwa wiki moja, wala kwa mwezi. Ilikuwa mvua za masika mbili na kitu juu yake.

Mji ulisema. Wengine walisema nimemfukuza, wengine kwamba nimemwekea dawa, na kwenye mnada mama mmoja muuza vitunguu swaumu alinivuta pembeni akataka nimweleze nilifanyaje, na yeye anataka wa kwake ahame. Jirani alimjia kumwomba radhi na kumpa chumba kwake bure. Mume wangu akamwambia hana kosa lolote, na chumba hawezi kupokea, yeye ni afisa. Ila mke wa jirani akawa anatuletea maziwa, na Jumapili tukawa tunasalimiana.

Chumba chenyewe kilikuwa kilekile alichotaka kumpangia mama, cha pili kutoka kilabuni. Lazima niliseme, nilifurahi kidogo. Asubuhi akija macho mekundu nilikuwa namwuliza kwa upole Bwana Ardhi ameamkaje, na wanywaji hawajambo? Alikuwa anasema hawajambo, jana wameimba vizuri. Alikunywa chai yake nje, kwenye benchi chini ya dirisha la mama, na pazia likiwa limefungwa waliendelea na stori zao za mvua na kondoo. Alikagua madaftari ya watoto hapohapo benchini. Jioni alipita tena, akala chakula chake nyuma ya nyumba, akatuaga, akaenda kulala.

Jumapili mchana, mama akiwa amejilaza na watoto wako naye, mimi nilikuwa navaa gauni zuri, nabeba chakula kwenye kapu na kwenda sokoni kumtembelea mume wangu. Mara ya kwanza mwenye nyumba alibisha hodi akauliza kwa heshima kama mgeni wa kike ni nani, kwa sababu nyumba yake si ya mambo hayo. Tulicheka mpaka godoro likatoka kwenye kitanda. Nilikuwa na watoto watatu na mvi mbili, na nilikuwa narudi nyumbani nimeficha uso wangu kwenye kanga kama msichana.

Mama alijua kila kitu. Alizijua hatua zake tangu barabarani, akawa anawaambia watoto, baba yenu huyo. Mara nyingi alimwambia arudi, hayo ya kwao ameshayatimiza ya kutosha, yeye kama mkwe amemsamehe. Mume wangu alikuwa anamwambia asante mama, na kesho yake anakuja tena kutokea sokoni. Mimi nilikuwa nimeacha kugombana naye. Siku moja nilimwuliza hachoki? Akasema anachoka sana. Akaongeza kwamba akiwa kitandani kule anafikiria kwamba mama anamsikia mwanawe akipumua chumba cha pili, basi usingizi unakuja.

Mama alifariki mwezi wa saba, asubuhi, wakati wa baridi ile ya Katesh inayoshuka na upepo kutoka mlimani. Alikuwa amekunywa uji nusu kikombe. Alinishika kidole, si mkono, kidole tu, kama watoto wangu wa darasa la kwanza wanavyonishika siku ya kwanza ya shule, na nilimsikia mpaka pumzi ya mwisho. Nilikuwa karibu. Hilo Mungu alinipa, na najua lilipitia mikononi mwa nani.

Nilimtuma binti yetu mkubwa sokoni. Mume wangu alikuja mbio, na mimi sikuwahi kumwona akikimbia. Alipofika chini ya dirisha akasimama ghafla, kwa mazoea, akarekebisha kola ya shati.

"Shikamoo, mama," akasema.

Tuliokuwa ndani hatukuweza kumjibu. Nilitoka nikamkuta bado amesimama vilevile, uso ukutani, anangoja. Nilimshika mkono. Aliniuliza kama inaruhusiwa, kwa sauti ndogo sana, na nikamwambia mama hana neno. Akavua viatu mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe. Aliingia akitazama sakafu, akafika kitandani akitazama sakafu. Halafu akainua macho.

Mama alikuwa hajafunikwa. Shuka lilikuwa limeteremka mpaka mabegani, nywele zake fupi nyeupe ziko wazi, na uso umetulia. Mume wangu alimtazama kwa muda mrefu. Akanitazama mimi. Akamtazama tena yeye, paji la uso, pua, kidevu.

"Kumbe mmefanana," akasema.

Nikamwambia ndiyo, Dongobesh nzima inasema hivyo tangu nikiwa mtoto.

"Basi nilikuwa namwona kila siku."